Karatasi, Mitambo na Mafundi: Kutoka Azimio la Musoma hadi Mgololo



Makala ya historia ya mwaka huu inahusu jambo ambalo kwa haraka linaonekana la mbali: jinsi Watanzania walivyojifunza kutengeneza karatasi. Kiwanda kikubwa cha karatasi cha nchi hii kiko Mgololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, mbali sana na ziwa letu. Hata hivyo hitaji la karatasi lilikuzwa na uamuzi uliofanyika hapa hapa Musoma. Na yaliyotokea Mgololo yanatuhusu moja kwa moja, kwa sababu mwaka huu michango inaombwa kwa ajili ya mafunzo ya ufundi ya vijana wetu, wakati tumezoea kuchangia majengo. Wapo wanachama waliouliza kwa nini tubadili. Makala hii inajaribu kuwajibu kwa historia.

Mafunjo ya Mto Mara

Anayetoka Musoma kwenda Tarime huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi. Upande wa juu wa mto kuna bonde pana la maji lililojaa mafunjo. Kwetu mafunjo yalikuwa ya mikeka, ya kuezekea na ya kuzungushia uzio. Mmea huohuo Wamisri wa kale waliuchana vipande vyembamba, wakavipanga kwa kukingamana, wakavigandamiza na kuvikausha, wakapata kitu cha kuandikia. Maji yanayopita chini ya daraja la Kirumi huingia Ziwa Viktoria, na ziwa hilo ndilo linalolisha Mto Naili unaofika Misri. Kwa hiyo mmea wa kwanza wa maandishi na mto ulioukuza una ndugu zake hapa kwetu. Jina lake la Kigiriki na Kilatini, papyrus, ndilo lililozaa neno la karatasi katika lugha nyingi za Ulaya. Neno letu “karatasi” limekuja kwa njia ya Kiarabu.

Karatasi tunayotumia leo ni kitu kingine. Kumbukumbu za China humtaja Cai Lun, ofisa wa ikulu, kuwa aliwasilisha njia ya kuitengeneza mwaka 105 baada ya Kristo. Njia hiyo haijabadilika katika msingi wake: tenganisha nyuzi za mmea, zielee kwenye maji mengi, zichuje kwenye chekeche, zigandamize, zikaushe.

Kwa karne nyingi ujuzi huo ulisafiri ndani ya watu. Simulizi maarufu inasema kwamba baada ya vita vya Talas mwaka 751 mafundi wa Kichina waliotekwa ndio waliowafundisha watu wa Samarkand. Wanahistoria wanabishana kuhusu simulizi hiyo. Lakini kutoka Samarkand karatasi ilifika Baghdad, kisha Afrika Kaskazini, kisha Hispania, na kila mahali ilipoanza kutengenezwa alikuwapo mtu aliyeijua kazi na mwingine aliyekaa pembeni yake akijifunza.

Hata mashine zilipokuja hali ilikuwa hiyohiyo. Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipata hataza ya mashine ya kwanza ya karatasi mwaka 1799. Karne iliyofuata viwanda vilikua mpaka baba kumfundisha mwana kukawa hakutoshi tena. Darmstadt, Ujerumani, walianza kufundisha utaalamu wa karatasi chuoni mwaka 1905, na Grenoble, Ufaransa, walifungua shule yao mwaka 1907. Nchi zilizotaka viwanda vya karatasi ziligundua kwamba zinahitaji shule za karatasi.

Musoma, Novemba 1974

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma chini ya Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliyeanza darasa la kwanza Mwisenge mwaka 1934. Kikao hicho kilitoa Azimio la Musoma. Lilikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza, kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi, na jambo hilo likamilike ndani ya miaka mitatu, ifikapo Novemba 1977. La pili, elimu ifungamane na kazi: kijana anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali apite Jeshi la Kujenga Taifa na afanye kazi kwanza.

Mara nyingi tunapolikumbuka Azimio la Musoma tunakumbuka madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi na walimu waliofundishwa kazini. Tunasahau karatasi. Mwaka 1974 nchi ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi karibu milioni 1.2. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3. Kila mmoja alihitaji daftari, na kila darasa lilihitaji vitabu.

Watoto hawakuwa peke yao. Kanda yetu ya Ziwa ilikuwa imetangulia katika elimu ya watu wazima. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mikoa ya Mwanza, Mara, Kagera na Shinyanga ilikuwa uwanja wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, mradi ulioungwa mkono na UNESCO. Wazee wetu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, yaani walisoma kuhusu kazi waliyokuwa wakiifanya. Kisha walipata gazeti lao, “Elimu Haina Mwisho”, lililotolewa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya. Kitaifa, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa karibu asilimia 67 mwaka 1970. Mwaka 1975 walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 39. Mtu akishajua kusoma, anataka cha kusoma.

Karatasi hiyo ilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Kisha bei ya mafuta ilipanda, ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu. Waliokuwa shuleni miaka ile wanakumbuka daftari moja likikatwa katikati wagawane watoto wawili, na kitabu kimoja kikisomwa na dawati zima. Nchi ilikuwa imeamua Musoma kwamba kila mtoto asome, lakini karatasi ya kusomea ilikuwa mikononi mwa wengine.

Kiwanda katikati ya misindano

Jibu lilikuwa tayari linaota Mufindi. Msitu wa Sao Hill, shamba la miti la serikali ambalo majaribio yake yalianza mwaka 1939, ulikuwa umepandwa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970, hasa misindano, ambayo wengi huiita mipaina. Msindano una nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu hutoa karatasi imara. Karibu na msitu kulikuwa na Mto Kigogo Ruaha wa kutoa maji, na reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970. Serikali nayo ilikuwa imeingia mwaka 1975 katika mkakati wa viwanda vya msingi, uliolenga kutengeneza nchini vitu ambavyo taifa haliwezi kuishi bila vyo.

Ndipo ukazaliwa mradi wa karatasi wa Mufindi, chini ya kampuni ya umma ya Southern Paper Mills. Gharama ilizidi dola milioni 200, fedha kubwa mno kwa nchi ya wakati ule. Zilitoka Benki ya Dunia, Sweden, Ujerumani Magharibi, Kuwait na kwingineko, sehemu kubwa ikiwa mikopo. Kiwanda kilijengwa kiweze kutoa tani 60,000 kwa mwaka, nacho kikaanza kuzalisha katikati ya miaka ya 1980. Porini Mgololo palitokea mji mzima: nyumba, shule, hospitali, na watu kutoka kila pembe ya nchi.

Ili kuelewa kwa nini mafunzo yalikuwa suala gumu, ni lazima tueleze kazi yenyewe.

Gogo huletwa, humenywa ganda na kukatwa vipande vidogo kama chipsi. Vipande hivyo hupikwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa, pamoja na kostiki na chumvi nyingine za sodiamu, kwa joto la nyuzi karibu 170 za Selsiasi. Njia hii iligunduliwa na Mjerumani Carl Dahl karibu na mwaka 1879. Dawa huyeyusha gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, na kinachobaki ni rojo la nyuzi na maji meusi.

Rojo huoshwa, na likitakiwa kuwa jeupe huchujuliwa rangi. Kisha hutiwa maji mengi kiasi kwamba katika kila lita 100 nyuzi hazifiki hata kilo moja au zinaizidi kidogo tu. Uji huo mwepesi humwagwa juu ya wavu mpana unaokwenda kwa kasi. Maji hupita chini, nyuzi hubaki juu zimeshikana. Utando huo hukamuliwa kati ya magurudumu mazito, halafu huzungushwa kwenye mitungi mikubwa ya chuma iliyojaa mvuke mpaka ukauke. Upande mmoja wa mashine unaingia maji, upande wa pili linatoka jora la karatasi. Likikatika mahali popote, mashine nzima inasubiri.

Maji meusi nayo hayamwagwi. Hukaushwa mpaka yawe mazito kama asali, kisha huchomwa kwenye boila maalumu. Moto wake hutoa mvuke wa kuendesha kiwanda, na chini ya tanuri hubaki dawa iliyoyeyuka kwa joto kali, ambayo husafishwa kwa chokaa na kutumika tena. Hapa ndipo penye hatari kuliko pote. Maji yakigusana na dawa ile iliyoyeyuka, kwa mfano bomba la boila likivuja, unatokea mlipuko unaoweza kubomoa jengo na kuua. Mwendesha boila hiyo anatakiwa kujua dalili za uvujaji kabla hazijawa tukio, na awe na ujasiri wa kuzima mtambo hata kama msimamizi wake anataka tani zaidi.

Fundi wa karatasi alitoka wapi

Mtu wa kazi kama hiyo anapatikanaje? Tanzania haikuwa na chuo cha karatasi. Ilikuwa na vipande vya njia, na kila kimoja kilichangia.

Kwanza zilikuwapo shule za sekondari za ufundi. Ifunda na Moshi ni za zamani, na kwetu tunayo Musoma Ufundi, ambayo wengi huiita Musoma Tech. Kijana alitoka huko akijua kuchora mchoro, kushika tupa na kupima kwa usahihi. Juu yake kulikuwa na Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1957 na ambacho leo ni DIT, kikitoa mafundi sanifu wa mitambo, umeme na maabara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Moshi kilikuwapo Chuo cha Viwanda vya Misitu, kinachofundisha upasuaji wa mbao na utunzaji wa misumeno.

Pili, ulikuwapo mfumo wa ufundi stadi. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Azimio la Musoma, ilitungwa sheria ya mafunzo ya ufundi stadi. Kijana aliyemaliza darasa la saba aliweza kujifunza chuoni na kazini, kisha akafanya majaribio ya ufundi, akaanza Daraja la Tatu, akapanda la Pili, akafika la Kwanza. Cheti cha Daraja la Kwanza kilikuwa heshima kubwa karakana yoyote nchini. Mwaka 1994 sheria mpya ilianzisha VETA, iliyorithi kazi hiyo.

Tatu, na hii ndiyo njia iliyobeba uzito mkubwa, yalikuwapo mafunzo ya kiwandani penyewe. Mtaalamu wa kigeni aliendesha, Mtanzania akasimama pembeni yake mpaka akabidhiwe.

Njia hii ya tatu inatakiwa kueleweka vizuri, maana ndiyo inayodharauliwa. Kiwanda cha karatasi hakilali. Kinakwenda saa 24 kwa zamu, na kila zamu inarithi mashine kama ilivyoachwa na zamu iliyotangulia. Mhitimu wa chuo anakuja na hesabu na kemia, lakini hajui sauti ya beringi inayokaribia kufa. Hajui kwamba rojo likibadilika harufu kuna jambo kwenye chungu. Hajui kwa vidole vyake tofauti ya karatasi iliyokauka sawasawa na ile iliyokauka kupita kiasi, ambayo itavunjika mbele ya safari. Mambo haya hufundishwa kwa kusimama pamoja usiku wa manane, mwenye kujua akimwambia mwenzake, “Sikiliza hapa.” Yanahitaji miaka, na yanahitaji mwalimu asiyeondoka mapema.

Na wataalamu wa kigeni huondoka. Mkataba wao una tarehe. Vitabu vya mitambo wanavyoviacha vimeandikwa kwa lugha ya waliotengeneza mtambo, si kwa lugha ya anayeuendesha. Mtu aliyeelewa nusu, siku mashine inapofanya kitu kisichoandikwa kitabuni, hana wa kumuuliza.

India walipoona tatizo hili walilitafutia dawa mapema. Mwaka 1964, kwa msaada wa Sweden, walianzisha shule ya utaalamu wa karatasi mjini Saharanpur, ambayo leo ni sehemu ya chuo kikuu cha teknolojia cha Roorkee. Nchi ileile ya Sweden iliyotusaidia sisi kupata kiwanda iliwasaidia wao kupata shule. Ndiyo maana Kenya ilipojenga kiwanda chake Webuye, ambacho kilianza kuzalisha mwaka 1974, usimamizi wa kitaalamu ulitoka kampuni ya Kihindi ya Orient Paper Mills. Wahindi walikuwa na karatasi ya kuuza, na walikuwa na watu wa kuuza ujuzi pia.

Mashine zikanyamaza

Mgololo ilianza kuzalisha wakati mbaya. Shilingi ilikuwa ikishuka thamani, na mikopo ilikuwa ya fedha za kigeni. Soko la ndani lilikuwa dogo kuliko mashine. Kemikali na vipuri vilitoka nje. Kiwanda cha karatasi kikienda nusu ya uwezo wake hakigharimu nusu. Kinakaribia kugharimu chote. Mzigo ukazidi, na kabla miaka ya 1990 haijaisha uzalishaji ulikuwa umesimama. Mwaka 2004 kiwanda kiliuzwa kwa kundi la makampuni la Rai la Kenya. Leo kinaitwa Mufindi Paper Mills na kinazalisha karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya saruji na ya maboksi.

Webuye ilipita njia ileile. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na mji ulioishi kwa kiwanda ukaanguka pamoja nacho. Mwaka 2016 nacho kilinunuliwa na kundi la Rai.

Hatusemi kwamba mafunzo pekee yangeiokoa Mgololo. Deni lile lingemlemea hata fundi bora. Ila kuna hasara moja ambayo haionekani kwenye vitabu vya hesabu. Kiwanda kinaposimama, mashine hubaki pale pale. Mtu hawezi kubaki. Anatafuta kazi kwenye kiwanda cha sukari, kwenye mgodi, kwenye boila ya hospitali, au anarudi kijijini kulima. Ujuzi wa karatasi uliomchukua miaka kumi kuupata unatawanyika bila kurithiwa na yeyote. Mashine iliyopata kutu inaweza kuoshwa na kununuliwa vipuri. Timu ya zamu iliyotawanyika haiuzwi dukani.

Tukitazama kwa upande mwingine, mtu yuleyule aliyetawanyika hakupotea. Fundi wa mvuke ni fundi wa mvuke popote palipo na boila. Fundi umeme aliyefundishwa Mgololo hakuacha ufundi wake getini. Kiwanda kilipokufa, kilichoendelea kuishi ni kile kilichoingia vichwani na mikononi mwa watu.

Mbegu nyingine iliyoota kwetu

Sasa turudi nyumbani. Miaka ileile mradi wa karatasi ulipokuwa ukipangwa, Sweden ilitusaidia katika jambo jingine dogo zaidi. Mwalimu Nyerere alikuwa amevutiwa na vyuo vya wananchi vya nchi za Ulaya Kaskazini, ambako mtu mzima asiye na vyeti hupokelewa, akafundishwa maarifa na kazi ya mikono, akarudi kwao. Kuanzia mwaka 1975 vilianzishwa nchini Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, zaidi ya 50. Mkoa wetu ulipata vyake: Kisangwa huko Bunda, Musoma, na Tarime.

Linganisha mbegu hizi mbili. Ya kwanza iligharimu zaidi ya dola milioni 200 na kunyamaza baada ya miaka michache. Ya pili iligharimu kidogo, mara nyingi kwa kutumia majengo yaliyokuwapo, ikawa na benchi za useremala, vyerehani, vyombo vya uashi na uchomeleaji. Vyuo hivi vimepita shida nyingi, vimekaa miaka bila vifaa, lakini havikufa. Hadi leo binti anaingia Kisangwa na kutoka na ufundi.

Tofauti haikuwa kwamba kimoja ni kikubwa na kingine kidogo. Taifa linahitaji viwanda vikubwa, na mtoto wa Bunda anastahili daftari lililotengenezwa Tanzania. Tofauti ni kwamba chuo kiliweka fedha zake ndani ya watu, na kiwanda kiliweka fedha zake ndani ya chuma kwanza, kikatarajia watu wafuate.

Sisi wa Mara tuna mfano wetu wenyewe wa chuma kilichonyamaza. Kiwanda cha nguo cha MUTEX kilikuwa fahari ya Musoma. Pamba ya Bunda ilipaswa kuwa kitambaa hapa hapa, na vijana wengi walishika zana kwa mara ya kwanza ndani ya kuta zile. Tunaopita pale tunajua kimya cha majengo yale. Kila baada ya muda hutolewa wito wa kukifufua. Tuuunge mkono. Lakini tujiulize: siku umeme ukiwashwa, nani ataisikiliza beringi? Waliojua wamezeeka, na wengine wametangulia mbele ya haki. Je, kuna aliyesimama pembeni yao akijifunza?

Mwaka huu tunaomba nini

Hapa ndipo historia inapogusa mfuko wetu. Kwa desturi tumechangia majengo, na ni vizuri: jengo linaonekana, linapigwa picha, mgeni rasmi hukata utepe. Madarasa yaliyotokana na Azimio la Musoma yalijengwa hivyohivyo, kwa mchanga wa kubebwa kichwani, na sisi ni matunda yake. Lakini karakana isiyo na zana ni chumba tu, na zana zisizo na mwalimu ni chuma tu.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba mambo matatu, yote ya kuwekeza ndani ya watu.

La kwanza ni ada na posho ya kujikimu kwa vijana wanaochaguliwa kwenda kwenye vyuo vya ufundi stadi na vyuo vya maendeleo ya wananchi lakini wazazi wao hawana uwezo. Mara nyingi kinachomrudisha kijana nyumbani ni kodi ya chumba, chakula, na ovaroli.

La pili ni zana za mwanafunzi mmoja mmoja. Anayemaliza useremala bila msumeno wake, au uchomeleaji bila mashine na miwani ya kuzuia mwanga, husahau nusu ya alichojifunza ndani ya mwaka mmoja. Kila atakayedhaminiwa aondoke chuoni na sanduku lake.

La tatu halihitaji fedha, linahitaji ninyi. Miongoni mwa wana Mara wamo wahandisi, mafundi sanifu, waendesha mitambo migodini, viwanda vya samaki, bandarini na kwenye meli, viwandani Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo. Tunawaomba mpokee kijana mmoja kwa uanagenzi, miezi sita au mwaka, asimame pembeni yenu. Mlio karibu na kustaafu, msiende na ujuzi wenu kaburini. Na mafundi wetu wa mitaani, wale wa Nyasho na wa Bunda mjini waliojifunza bila chuo, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi anapimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Kamati itawasaidia wanaotaka kuupitia.

Kila aliyedhaminiwa naye ataahidi jambo moja: akishaajiriwa au kufungua karakana yake, atampokea na kumfundisha mwingine kutoka nyumbani. Kwa namna hiyo shilingi inayotolewa mwaka huu haitaishia kwa mtu mmoja.

Mwaka 1974 waliokutana Musoma waliamua kwamba mtoto wa maskini atasoma, wakati nchi haikuwa na walimu wa kutosha, madarasa ya kutosha wala karatasi ya kutosha. Walimu walipatikana kwa kufundishwa kazini, madarasa kwa mikono ya wananchi. Karatasi ilichelewa, kwa sababu ilihitaji mafundi ambao hatukuwa tumewaandaa. Kazi hiyo ya kuandaa mafundi bado ipo, na sehemu yake iko ndani ya uwezo wetu. Jaza fomu ya ahadi iliyo nyuma ya kijitabu hiki, uikabidhi kwa mweka hazina wa tawi lako, na kama una nafasi ya kumpokea mwanagenzi, iandike hapo hapo.